Kimya cha Mzee Ojwang

Ukumbi wetu wa sinema pale Sena, kisiwani Mfangano, ulikuwa chumba cha mabati: televisheni ndogo, betri ya gari, na kreti za soda zilizopinduliwa ndizo viti. Usiku wa mbalamwezi ndipo ulipofurika, maana omena, dagaa wa ziwani, haifuati taa mwezi ukiwaka, na wavuvi hubaki nchi kavu.

Tulimngoja Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alimwuliza jambo dogo tu, pesa ziko wapi, na mzee hakujibu. Alitazama kando. Akamtazama mkewe. Akatazama kando tena. Mchekeshaji mchanga hulikimbilia jibu. Huyu aliliacha liive, na sisi tulianza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Nilipovirudia vipindi hivyo baada ya Benson Wanjau, mwigizaji mwenyewe, kufariki Julai 2015, kasoro zilinikwaruza. Kicheko kingi kilitoka kwenye lafudhi: shauri ikawa “sauri”, shamba ikawa “samba”, kana kwamba Mjaluo akisema Kiswahili basi tayari ni kichekesho. Na Wanjau alikuwa Mkikuyu!

Lakini kwetu mambo yalikuwa na kona zaidi. Sisi ni Abasuba. Babu zetu walisema Olusuba, kisha Dholuo ikatuingia mpaka jikoni. Basi Msuba asemaye Dholuo alikaa kwenye kreti akimcheka Mkikuyu anayejifanya Mjaluo kwa Kiswahili. Nani alimcheka nani, sijui. Jirani yangu, mzee wa nyavu, alikuwa akitoa alama: hiyo “s” ameipata, hiyo ametia chumvi.

Hollywood nako ni yale yale. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Buster Keaton, naye amesimama wima pale pale tundu la dirisha linapotua. Bado hunifanya nishike kiti. Mwaka mmoja kabla, katika College, alijipaka weusi usoni ili achekeshe. Hilo simsamehei, na ule ukuta nitautazama tena kesho.

Usiku mmoja betri ilikufa Mama Kayai ameshauliza, mzee hajajibu. Giza. Hakuna aliyenyanyuka. Tulisikia maji yakipiga mitumbwi, kisha yule mzee wa nyavu, baada ya kungoja sawasawa, akasema, “Sauri yako, Kayai.”

Hakuna aliyedai kurudishiwa shilingi zake.