Mikoko ya Bagamoyo na Mwanga Usioonekana

Mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara wa mwaka 1991, ulioandikwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitaja takribani hekta 115,500. Baadaye watafiti waliochambua picha za setilaiti za Landsat walipata hekta kama 109,600 kwa miaka hiyohiyo ya kuelekea 1990, na kama 108,100 kwa mwaka 2000. Mwenye haraka atasema tumepoteza zaidi ya hekta 7,000. Sivyo. Takwimu mbili za kwanza ni za msitu uleule, wakati uleule. Kilichotofautiana ni namna ya kuutazama. Na tofauti hiyo, karibu hekta 6,000, ni mara nne ya upungufu wote uliopimwa katika miaka kumi iliyofuata. Kabla ya kumsaka mwenye shoka, tuulize jicho lililohesabu lilikuwa linaona nini.

Landsat 5 ilirushwa Machi 1984, ikazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 705. Chombo chake kilipokea mwanga wa jua uliorudi kutoka ardhini na kuugawa katika mikanda sita kwa kufuata urefu wa wimbi, yaani umbali wa kutoka kilele kimoja hadi kingine. Mwanga, joto la jua, redio na rada vyote ni mawimbi ya sumakuumeme, na katika ombwe vyote huenda kwa kasi moja ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachovitenga ni urefu huo tu. Macho yetu hupokea kipande chembamba, kuanzia nanometa 400 hivi hadi 700. Na nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Yanayofuata baada ya 700 ni infraredi, na hapo ndipo mikoko ilipohesabiwa.

Jani bichi humeza mwanga mwekundu, wa nanometa 630 hadi 690, kwa sababu klorofili inautumia kutengeneza chakula. Kinachorudi ni asilimia chache. Ukivuka 700 klorofili haina haja na wimbi hilo tena. Mwanga hupenya ndani ya jani, hugonga kuta za seli na vijinafasi vya hewa, hutawanyika, na karibu nusu yake hurudi angani. Maji hufanya kinyume: infraredi ikiingia baharini hairudi. Basi chukua asilimia 5 ya nyekundu na 45 ya infraredi, toa ndogo kwenye kubwa, gawa kwa jumla ya zote mbili; unapata 0.8, namba ya msitu mnene. Bahari huangukia chini ya sifuri. Udongo mtupu wa mabwawa ya chumvi, ambayo Bagamoyo inayo tele, hukaa karibu na sifuri.

Hesabu hiyo peke yake haitengi mkoko na mwembe wala mnazi, maana yote ina majani mabichi. Kinachosaidia ni mkanda mwingine wa nanometa 1,550 hadi 1,750, ambao humezwa na unyevu. Mnazi wa Bagamoyo umesimama mchangani. Mkoko umesimama kwenye tope, kwa hiyo katika mkanda huu huonekana mweusi zaidi kuliko shamba lililo nyuma yake.

Lipo jambo ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito unaostahili, nalo ni saa. Landsat hupita juu ya pwani yetu asubuhi, karibu saa nne, haibadilishi. Mvuvi yeyote wa huku anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne bahari imekupwa. Siku za maji mafu ndipo saa nne hukuta maji yamejaa, lakini kujaa kwenyewe ni kudogo. Maana yake setilaiti hiyo haiuoni kamwe msitu ukiwa umefurika sawasawa. Kwa mikoko mirefu ya ukingoni mwa Mto Ruvu hiyo ni faida, kwa kuwa maji hayamezi infraredi chini ya majani. Ila kule juu, panapofikiwa na bamvua tu, michu, aina mojawapo ya mikoko, mifupi na iliyoachana, hukutwa juu ya ardhi kavu yenye chumvi, na mwanga wa ardhi hiyo huufunika wa majani. Ni rahisi pakahesabiwa kuwa patupu. Ningeulizwa nianze wapi kuzitafuta zile hekta 6,000, ningeanzia hapo.

Masika nayo huleta mawingu, ambayo Landsat haiyapenyi. Rada hupenya, kwa kuwa wimbi lake ni refu kuliko tone la wingu. Setilaiti ya Japani ya ALOS, iliyorushwa 2006, ilituma mawimbi ya sentimita 23.6, sawa na megahezi 1,270 hivi. Wimbi refu namna hiyo hupita kwenye majani, hugonga maji au tope, kisha shina, na kurudi likiwa na nguvu. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyoanza 2014, hutumia sentimita 5.5, na wimbi lake huishia zaidi kwenye matawi ya juu. Ramani ya msingi ya Global Mangrove Watch, ya mwaka 2010, iliunganisha rada ya ALOS na mikanda ya Landsat, na nadhani ndiyo njia ya busara kuliko zote.

Hata hivyo, kipimo kidogo kabisa cha Landsat katika mikanda hiyo ni mraba wa mita 30 kwa 30. Bwawa jipya la chumvi ni la ukubwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo linaonekana picha ya kwanza tu. Mikoko michache ikikatwa boriti, matawi ya jirani huziba pengo na ile 0.8 haitikisiki, ingawa mkoko wa boriti uliokatwa hauchipui tena kwenye kisiki kama mchu unavyochipua. Kumhesabu mkata boriti bado kunataka mtu aingie topeni maji yakiwa yamekupwa, ahesabu visiki.