Wameoanisha kwa jina

Dakika ile ya onyesho la kuoanisha Notion na Google Calendar mliiona. Jamaa anabadilisha kichwa cha kazi kwenye Notion, "Ripoti ya robo mwaka" inakuwa "Ripoti ya robo mwaka, rasimu", kisha anatufungulia Google Calendar huku anatabasamu. Jina jipya lipo. Makofi. Mimi sikupiga, maana lile halikuwa tukio lilelile. La kwanza lilikuwa limefutwa, na wote waliokwisha kuthibitisha kuhudhuria sasa wanahesabiwa hawajajibu.

Skripti ya hao walioonyesha inatafuta tukio kwa kichwa. Isipolikuta, inaamua kazi imefutwa, inalifuta la zamani na kuunda jingine. Kama uliandika maelezo ndani ya tukio, yamekwenda nalo. Na ile kazi iitwayo "Kikao", ambayo kila idara inayo? Inashikwa ya kwanza kuonekana. Ita "Juma" msibani uone watageuka wangapi. Namba ya NIDA haikuwekewa tarakimu 20 kwa ajili ya urembo.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa mkononi. Google inakuruhusu ulipe tukio kitambulisho chako mwenyewe: herufi ndogo a hadi v pamoja na tarakimu, urefu kuanzia 5 hadi 1024. Kitambulisho cha ukurasa wa Notion, ukikiondolea vistari, kina alama 32, na herufi zake hazivuki f. Kinaingia kilivyo! Hakuna haja ya jedwali la pembeni. Tangu 1998 iCalendar inadai kila tukio liwe na UID yake, halafu leo mtu anaoanisha kwa kichwa.

Tokeni ya usawazishaji wanaitunza, na Google ikijibu 410, yaani tokeni haifai tena, wanaanza upya. Safi.

Tarehe za mwisho ni ugonjwa wangu wa zamani, mnivumilie. Saa sita usiku ya Dar ni saa tatu usiku ya jana yake kwa UTC, kwa hiyo kazi ya Ijumaa ikihifadhiwa kama saa badala ya tarehe tupu inatua Alhamisi. Hapo wameponea. Wamekwama mbele kidogo: Google haiihesabu siku ya mwisho, kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa unaifunga Jumamosi. Kwenye skrini yao iliishia Alhamisi vilevile, na ukumbi mzima kimya.

Hata kompyuta ya mkononi Pilot 1000 ya 1996, betri mbili za AAA na kilobaiti 128, iliipa kila rekodi namba yake na alama ya kuonyesha kwamba imeguswa. Ukibadilisha wewe, na katibu muhtasi akabadilisha kwenye kompyuta, HotSync, usawazishaji wake, haikujifanya hakimu. Ilikuachia zote mbili uchague mwenyewe.

Hawa wa leo wana suluhisho pia, lipo kwenye slaidi yao ya mwisho: wafanyakazi waombwe wasibadilishe majina ya kazi.