Hewa Iliyojificha Katika Maji

Aliyekaa Shinyanga katika nyumba yenye bomba anaijua sauti ile ya alfajiri, maji yanaporejea baada ya kukatika siku mbili tatu: kwanza bomba hukohoa, kisha hutema upepo, kisha hutoa maji meupe kama maziwa kwa wingi wa mapovu, na baada ya kitambo ndipo mkondo unapotulia ukawa mzito na safi. Maji hayo hutoka Ziwa Viktoria, yakisukumwa kutoka Ihelele kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na katika njia ndefu namna ile bomba hupanda na kushuka mara nyingi. Nao mafundi wa mabomba wanajua kwamba palipo kilele ndipo hewa inapokusanyika, na kwamba pasipo vali ya kuitolea nje, hewa hiyo isiyo na rangi huweza kuyazuia maji kama kizibo. Nimeanza na bomba kwa sababu injini ya gari, ukiifuata kwa njia ya maji yake, ni bomba hilo hilo lililokunjwa likaingizwa chini ya boneti, nalo lina vilele vyake.

Watu husifu sanaa inayoacha kitu mkononi, na ni haki yao. Sonara wa Geita huonesha pete, seremala huonesha kitanda, mfinyanzi huonesha mtungi. Lakini iko sanaa nyingine, ifanywayo uani chini ya mwembe na mtu mwenye bisibisi, dumu la maji na alasiri nzima ya faragha, ambayo ikikamilika haina umbo la kutazamwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuondoa kitu ambacho tangu mwanzo hakikuonekana. Nayo ni kutoa hewa katika rejeta. Mimi naihesabu miongoni mwa sanaa za heshima, na sidhani kama nimewahi kuiona ikisifiwa.

Huku kwetu bara sanaa hiyo ina uzito zaidi kuliko pwani. Shinyanga na Geita ziko katika uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo una hukumu yake juu ya maji: Tanga na Mombasa sufuria huchemka kwenye digrii 100, ilhali hapa huchemka kwenye digrii 96 hivi. Mfuniko wa rejeta wenye springi uliwekwa ili kuzidisha shinikizo ndani, na kwa shinikizo hilo maji huweza kustahimili joto la kiasi cha digrii 115 yasichemke. Hewa huuharibu mpango huo wote. Haichukui joto kama maji yachukuavyo, pampu haiwezi kuisukuma bali huivuruga tu ikawa povu, na ikishakaa mahali penye chuma cha moto, chuma hicho huwa kama sufuria iliyosahauliwa mekoni mchuzi umekauka.

Nilijifunza haya kwa gharama. Nilikuwa nimebadilisha mpira wa juu wa rejeta ya Corolla yangu ya zamani, nikajaza maji mpaka shingoni, nikafunga mfuniko, nikaondoka alasiri ile ile kwenda Geita kwa njia ya Tinde na Kahama. Nilipokaribia Isaka mshale wa joto ulipanda, nikaingiwa na hofu. Kisha ukaanguka ghafla mpaka chini kabisa, nami nikamshukuru Mungu. Kumbe kile kihisio cha joto husema kweli kikiwa ndani ya maji tu, na kikibaki katika hewa mshale huweza kuanguka kana kwamba injini imepoa, hali silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu, inapinda juu ya bloku ya chuma. Kilichofuata kilikuwa mvuke mweupe, lori la kunivuta hadi nyumbani, na silinda hedi kupelekwa kuchongwa. Taksiri ilikuwa yangu, na chanzo chake ni haraka.

Mjomba wangu, aliyeupitisha ujana wake akihudumia injini za makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko Nyarugusu, alikuja siku ya pili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalizunguka gari kimya, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa na mtu kabla yake: "Mwipwa, yalitoka maji kiasi gani, na yaliingia kiasi gani?"

Sikujua.

"Basi hewa uliipakia mwenyewe," akasema, bila ukali.

Siku silinda hedi iliporudi na gasketi mpya ikafungwa, alikuwa amekwisha kujua kipimo. Njia nzima ya maji ya gari lile huchukua lita tano na nusu, na kiasi hicho hicho cha maji na kulanti alikitia katika dumu na chupa alizozichora alama kwa mkaa. Hisabu yake ilikuwa nyepesi: kisichoingia kimezuiwa na hewa, na hewa hiyo iko mahali fulani ndani, nasi kazi yetu ni kuitafuta. Alilipeleka gari penye mteremko, pua ikaelekea juu, ili shingo ya rejeta iwe ndiyo kilele cha njia nzima. Alikata kitako cha chupa ya maji ya kunywa, akaipindua, akaingiza mdomo wake shingoni mwa rejeta, akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka ukabana. Alifungua hita mpaka mwisho ijapokuwa ilikuwa Oktoba na jua linaunguza, kwa maana ndani ya hita kuna mabomba membamba ambayo ni maficho mengine. Kisha akamimina kwa mkondo mwembamba, kama mtu atiaye mafuta ya taa katika kibatari, akisimama kila mara na kusikiliza. Zikaingia lita nne, maji yakagoma.

Hapo injini ikawashwa, na ndipo nilipoiona sanaa yenyewe. Mapovu makubwa yalipanda kwanza ndani ya ile chupa, yakipasuka moja moja kama uji unaoanza kuiva. Kisha yakawa madogo. Kisha pakawa kimya kirefu ambacho mimi, peke yangu, ningalikidhania kuwa ndio mwisho. Mjomba aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya mpira wa juu. Ulikuwa wa baridi. Themostati, kile kilango kinachofunguka joto lifikapo kiasi cha digrii 82, kilikuwa bado kimefungwa, na nyuma yake hewa ilikuwa imekaa ikingoja. Tulingoja nayo. Ghafla mpira ukapata moto chini ya kiganja changu, maji katika chupa yakazama kwa mkupuo mmoja, na povu kubwa kama yai likapanda. Naye akaanza kuubinya mpira na kuuachia, kuubinya na kuuachia, kama amkamuavyo ng'ombe, na kwa kila mkamuo vipovu vikaja, na kwa kila vipovu akaongeza maji. Upepo wa hita uliokuwa wa baridi ukageuka ukawa moto. Akaitikia kwa kichwa.

"Mapovu yangekataa kwisha," alisema, "ningejua ni moshi wa silinda unaovuja, na gasketi imekufa tena. Hewa iliyonaswa ina mwisho."

Nilimwuliza alikojifunza. Aliniambia kwamba injini za makarasha hazikumfundisha, maana zile za dizeli za silinda moja alizozihudumia maji yake hukaa katika hodhi lililo wazi juu, yakichemka mbele ya macho ya mtu, na mhudumu huongeza kwa kopo. Hewa haina pa kujificha. Kilichomfundisha ni maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Usiku alikuwa akilinda mashine iliyosukuma hewa kwa mpira mrefu hadi kwa vijana waliokuwa wakichimba chini, na mpira ukijikunja mahali, mlinzi alipaswa kulijua kwa sauti ya mashine kabla kijana hajaishiwa pumzi. Masikio aliyoyapata pale ndiyo aliyoyaleta uani kwangu, na tangu anieleze hayo sijaweza kuiita kazi yake kuwa ndogo.

Jioni ile tuliing'oa ile chupa iliyopinduliwa, tukafunga mfuniko, tukazima injini, wala hatukuugusa mfuniko tena mpaka asubuhi, kwa sababu rejeta yenye moto ikifunguliwa hurusha maji usoni mwa mtu. Matone ya kulanti yaliyoanguka aliyafunika kwa mchanga na kuyazoa, kwani ni matamu na ni sumu, na mbuzi wa jirani walikuwa wakipita pale. Ilibaki robo lita katika chupa yenye alama za mkaa.

Kulipokucha nilifungua mfuniko peke yangu, mjomba akiwa bado amelala. Maji yalikuwa yameshuka kina cha kidole kimoja. Nikamimina polepole kama alivyomimina, mpaka chupa ikaisha. Nikaikung'uta, tone la mwisho likaanguka, na maji yakasimama sawa na ukingo wa shingo, hayana povu hata moja.