Mfalme asiye na lugha: mapitio ya gemu ya Black Panther



Nimemaliza kucheza War for Wakanda, ile sehemu ya Black Panther ndani ya gemu ya Marvel's Avengers, na niseme mapema kwamba imeniangusha. Najua wapo watakaouliza mtu mzima na shahada zake anafuata nini kwenye gemu. Jibu langu ni fupi: watoto wetu hapa Texas wanakutana na Afrika kwenye skrini mara nyingi kuliko wanavyokutana nayo mezani kwetu. Basi na tuihakiki hiyo skrini kama tunavyohakiki riwaya.

Kwanza historia kidogo. Marvel's Avengers ilitengenezwa na Crystal Dynamics wa California, ikatolewa na Square Enix ya Japani tarehe 4 Septemba 2020. Haikuwa gemu ya kucheza ukamaliza. Iliundwa ili mchezaji arudi kila siku, aokote vifaa vya kuongeza nguvu, na akipenda amnunulie shujaa wake mavazi kwa dola. Sehemu ya Wakanda ilikuja Agosti 2021, bila malipo kwa waliokwisha nunua gemu. Oktoba mwaka huohuo wakaanza kuuza vitu vya kuharakisha kupanda ngazi, wakati waliahidi kwamba watauza mapambo tu. Wachezaji wakaja juu, na Novemba vikaondolewa. Masasisho yakakoma Machi 2023, na tarehe 30 Septemba 2023 gemu ikatolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Leo ukiitaka, utafute diski ya mtumba.

Ya kwangu niliipata hivyo hivyo huko Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth. Eneo lile ni Kariakoo ya gemu, bwana. Makao makuu ya GameStop yako Grapevine. Id Software walikuwa Mesquite walipotoa Doom mwaka 1993. Na Frisco kuna makumbusho ya gemu yaliyofunguliwa 2016. Nikaanza kucheza kwa dada yangu, pamoja na mpwa wangu wa miaka 11 aliyezaliwa huko huko, kisha nikateremka nayo kwa barabara ya I-45 hadi Houston nikaimalizia nyumbani.

Tuwe waadilifu: yapo mazuri. T'Challa amepewa sauti na Christopher Judge, sauti nzito yenye heshima ya kifalme. Anavyoruka na kurarua ni chui kweli. Msitu umechorwa ukachoreka, na watengenezaji hawakututukana: hakuna vibanda vya nyasi wala washenzi wa sinema za Tarzan.

Tatizo ni kwamba humo msituni hakuna cha kufanya isipokuwa kupiga. Klaw na mamluki wake wanakuja kuiba vibranium. Unapiga askari, unapiga maroboti, unafungua mlango, nyuma ya mlango maroboti wengine. Unaokota kifaa kinachoongeza nguvu kwa asilimia ndogo, unakivaa, unarudi kupiga. Ukichoka na Wakanda unaweza kwenda sehemu nyingine za gemu ukapige maroboti walewale kwenye theluji. Stelingi ni mfalme, lakini muda mwingi anafanya kazi ya mlinzi wa ghala. Hakuna baraza, hakuna shauri la mashamba, hakuna bibi wa kumwamkia. Mfalme asiyeamkiwa na watu wake ni mfalme gani?

Hapo ndipo mpwa wangu alipouliza, kwa Kiingereza chake cha Arlington: "Anko, huko ndiko kwenu?"

Swali la haki kabisa. Katuni za Marvel zimeiweka Wakanda upande wetu wa Afrika, karibu na Ziwa Turkana. Jirani yake mmoja anaitwa Azania, jina ambalo wasomi wa pwani wanalijua tangu Periplus. Lakini sikiliza majina. Mji mkuu ni Birnin Zana, na "birni" ni mji kwa Kihausa, kama ilivyo Birnin Kebbi kule Nigeria. Mungu wao, Bast, ametoka Misri. Katika filamu wanasema Kixhosa, kwa sababu John Kani alikileta alipoigiza baba yake T'Challa mwaka 2016, na maandishi yao yametoholewa kutoka nsibidi ya Nigeria. Bara zima limetiwa kwenye chungu kimoja, likakorogwa.

Halafu ile ritifaa! T'Challa, M'Baku, W'Kabi, N'Jadaka. Kwetu ritifaa ina kazi: inatenganisha ng'oa na ngoa, na mtoto wa darasa la pili Tanga anajua tofauti. Huko Wakanda ni manukato tu. Tangu Stan Lee na Jack Kirby walipomtoa T'Challa mwaka 1966 imekuwa alama ya kumwambia msomaji kwamba huyu ni wa mbali.

Najua jibu la upande wa pili: Wakanda ni nchi ya kubuni, haidaiwi sarufi. Nakubali, na Wamarekani weusi wana haki ya kujitungia Afrika yao waliyonyang'anywa. Hata hivyo nchi ya kubuni nayo inahitaji watu wanaosemeshana. Filamu ya 2018 ilikuwa na chungu kilekile, lakini watu wake walitaniana, walibishana, waliombolezeana. Ndiyo maana Kisumu waliipokea kwa shangwe. Gemu imebeba mavazi ya filamu ikaacha mazungumzo. Nilichosikia mimi ni Kiingereza chenye lafudhi ya kuigiza, tena mara nyingi ni amri tu: nenda pale, linda hiki, wanakuja wengine.

Na isisemwe kwamba lugha zetu haziwezekani kwenye gemu. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguliwa kwa "Baba Yetu" wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Wazungu na Wachina wanauimba hadi leo. Huko nyumbani nako, Wesley Kirinya wa Nairobi aliungana na Eyram Tawia wa Ghana mwaka 2009 kuanzisha Leti Arts, wanatengeneza katuni na gemu za mashujaa wa Kiafrika. Uwezo upo. Fedha ndiyo zimekaa kwingine.

Jioni ya pili kule Arlington tulizima sauti ya gemu tukawa tunatangaza wenyewe, kama mpira wa redioni. "Chui anakwepa! Anampiga ngwala! Roboti chali!" Kijana alijifunza kukwepa, ngwala, ngao na chali kwa saa moja, bila daftari. Kichekesho ni kwamba silaha ya Klaw, yule adui, ni sauti, na kumbe gemu nzima ilikuwa inakosa sauti ya watu.

Msingoje nyingine ije kutuokoa. Gemu kubwa ya Black Panther iliyokuwa ikitengenezwa na Cliffhanger Games chini ya EA ilifutwa Mei 2025. Kwa hiyo hizi za mtumba ndizo watoto watakazoendelea kucheza. Ushauri wangu kwa wazazi wa Dallas, Houston na kwingineko: msiwafukuze kwenye skrini, kaeni nao, mtie maneno yenu. Na nyinyi mnaofundisha fasihi ya watoto, mpeni mwanafunzi mmoja kazi ya kuandika mazungumzo ya gemu: mfalme anaingia sokoni, muuza mihogo anamwamkia, wanaanza kubishana bei. Ukurasa mmoja wa hivyo ungenitosha kuliko maroboti mia.