Ufundi wa Kupima Upya

Jua la Machakos ni adui wa kwanza wa roboti inayofuata mstari. Chini ya tumbo lake kuna vihisi vinavyomulika mwanga usioonekana kwa macho. Karatasi nyeupe huurudisha, tepu nyeusi huumeza, na kwa tofauti hiyo mashine hujua ilipo. Lakini jua nalo limejaa mwanga wa aina hiyohiyo. Mwezi wa Januari, madirisha ya maabara yakiwa wazi saa sita mchana, roboti iliyotembea vizuri asubuhi huanza kutangatanga. Ikifika Machi, mawingu ya masika yanatanda juu ya vilima vya Iveti, na vipimo vya Januari havifai tena.

Nimekaa na wanafunzi wa shule ya upili msimu mzima wa maonyesho ya sayansi na uhandisi, ngazi ya kaunti ndogo kwanza, kisha kaunti, na kuendelea. Ninachokistahi zaidi katika kazi yao ni ile subira ya kupima upya. Waliacha kuandika namba moja ya kudumu kwenye programu. Kabla ya kila mbio roboti hupitishwa juu ya nyeupe na juu ya nyeusi, pale pale itakaposhindana, na nusu ya njia kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayokuwa mpaka. Vihisi wakavizungushia raba iliyokatwa kwenye ndala kuukuu, kivuli kisichogharimu chochote.

Betri nazo zina somo lake. Mbili za lithiamu zikijaa hutoa volti 8.4, kisha hushuka taratibu kadiri zinavyotumika, na kile kidude cha bei nafuu kinachoendesha mota hula takriban volti 2 njiani. Kwa hiyo amri ya kwenda sekunde mbili kisha kukata kona huwa sahihi asubuhi na uongo alasiri. Sekunde haijui gurudumu limefika wapi. Mafundi hawa wadogo walipoanza kuhesabu mizunguko ya gurudumu badala ya muda, kona zikawa sahihi. Hata hivyo mota mbili za kiwanda kimoja hazilingani, na ya kushoto ilihitaji kusaidiwa kidogo kila mara.

Mashariki ya mji wa Machakos, huko Wamunyu, kuna wachongaji wa vinyago, ufundi unaosimuliwa kuwa Mutisya Munge aliuleta kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mchongaji huligeuza gogo, akalitazama, akaligeuza tena, ndipo tezo ishuke. Mwanafunzi mwenye mita mkononi hufanya vivyo hivyo, naye anastahili heshima ileile.

Majaji hupima maandishi, maelezo ya mdomo na fikra za kisayansi. Nakubaliana nao kabisa: roboti yenye kasi ambayo mwenyewe hawezi kuieleza haipaswi kufika mbali.

Roboti hizi hazikomei kwenye tepu nyeusi. Julai 2017, katika mashindano ya kwanza ya kimataifa ya roboti ya FIRST Global, yaliyofanyika Washington, mada ilikuwa maji. Roboti zilitenganisha mipira ya buluu, yaani maji safi, na ya rangi ya chungwa, yaani uchafu. Nchi ziliunganishwa katika miungano, na mshirika wa mchezo huu akawa mpinzani wa mchezo ujao. Huku kwetu Ukambani, watu wanakochimba mchanga wa mto mkavu ili wapate ndoo moja, mada kama hiyo haihitaji kufafanuliwa. Haikunishangaza wanafunzi walipotaka vihisi vya unyevu wa udongo kwa kazi yao inayofuata.

Msimu umekwisha, na roboti imefunguliwa skrubu kwa skrubu kwa sababu mota ni ghali na kidato cha pili wanazihitaji. Daftari la vipimo wamelirithi pia. Tayari wanabishana juu ya ile mota ya kushoto: wengine wanataka ibadilishwe, wengine wanasema ipimwe kwanza.