Kiini na Mageuzo: Utendi wa Mwindo Mbele ya Bach na Beethoven

Barabara itokayo Kisangani kwenda Bukavu hupita Lubutu, mkoani Maniema, kisha huingia Walikale, nchi ya Wanyanga. Kwa Wanyanga ndiko ulikonakiliwa utendi wa Mwindo. Mwaka 1956 fanani Shé-Kárisi Rureke aliutamba kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matambo mengine ya utendi huo. Tangu hapo msomaji hujikuta akiuliza: lipi kati ya hayo ndilo la asili? Makala haya yanadai kwamba swali hilo limeulizwa vibaya, na kwamba muziki wa Ulaya wa kuandikwa waweza kutusaidia kuuliza vyema zaidi.

Katika muziki huo limo umbo ambalo mtunzi hutanguliza kiini kifupi, kisha hukirejea mara nyingi huku akikigeuza mwendo, mapigo au hali ya moyo. Tuliite umbo la mageuzo. Mwaka 1741 Johann Sebastian Bach alichapisha aria yenye mageuzo 30, yajulikanayo kwa jina la Goldberg. Msikilizaji anayeisaka lahani ya aria ndani ya mageuzo hayo haipati, kwa kuwa Bach hakujenga juu ya lahani bali juu ya besi, yaani mfuatano wa sauti za chini. Kinachodumu ni msingi usioonekana upesi.

Beethoven anatupa funzo la pili. Mwaka 1819 mchapishaji Anton Diabelli wa Vienna aliwapelekea watunzi wengi walzi yake, kila mmoja aiandikie geuzo moja. Beethoven aliandika 33, yakachapishwa mwaka 1823. Walzi yenyewe ni ya kawaida tu. Ukuu wa kazi umo katika yale yaliyofanywa juu yake. Hivyo basi, kukipata kiini hakutoshi kueleza thamani ya sanaa.

Tukirudi kwa Rureke, tutaona kwamba mageuzo yamo hata ndani ya utambaji mmoja. Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, hubeba mgwisho uitwao conga, na tendo la kuua na kufufua kwa mgwisho huo hurudi tena na tena. Wajomba zake wanapokufa vitani, huwafufua: hapo tendo ni la ujamaa. Huko kuzimu humwangusha Muisa, kisha humfufua: hapo ni la majivuno ya mshindi. Lakini baada ya kumuua joka Kirimu, Nkuba, yaani Radi, humpandisha mbinguni, na huko shujaa huteswa pasipo uwezo wa kushindana. Anaporudi kutawala, anarudi na makatazo. Vivyo hivyo Bach huirudia aria mwishoni kama ilivyokuwa mwanzo, ila msikilizaji si yule wa mwanzo.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Mageuzo ya Bach yamekwisha kuandikwa. Ya fanani huzaliwa mbele ya hadhira inayomwitikia, huku vijana wakigonga ufito mkavu. Tena mtambaji mmoja hahitaji kuyajua matambo ya mwenzake ili lake likamilike. Isitoshe, si kila badiliko ni geuzo lenye maana. Kipimo chetu kiwe hiki: je, badiliko hilo linatuonyesha ndani ya kiini jambo ambalo halikuonekana kabla?

Hatari iliyopo ni kwamba chapa ya 1969 yaweza kuchukuliwa kuwa ndio utendi wenyewe, na kila fanani anayetofautiana nayo akahesabiwa kuwa amesahau. Hilo likitokea, kitabu kilichokusudiwa kuihifadhi sanaa kitawanyamazisha wenye sanaa. Mwanafunzi wa Lubutu au Kindu anayekusanya masimulizi ya wazee wake asitosheke na tambo moja, wala asiyaunganishe mawili kutengeneza la tatu lisilotambwa na mtu. Ayaweke bega kwa bega, aitafute besi inayoyabeba, kisha amuulize kila fanani kwa nini alipita pale alipopita.