Dakika Tatu Kando ya Reli

Filamu za zamani za treni za mizigo za Magharibi ya Kati ya Marekani, yaani majimbo ya nafaka kama Illinois, Iowa na Nebraska, nyingi zilipigwa na wapenzi wa reli waliosimama vichakani siku zao za mapumziko, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa mchezo tu wa kupitishia wakati. Hukumu hiyo si ya haki. Kamera ya Super 8, iliyotolewa na Kodak mwaka 1965, ilipakiwa kasha la mkanda wa mita 15 hivi, ambao kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde uliisha baada ya dakika 3 na sekunde 20. Na kwa kuwa treni ya mabehewa mia moja, ikienda polepole, huweza kuchukua karibu muda huohuo kupita, mpigaji hakuwa na nafasi ya kubahatisha. Ilimpasa kuijua reli kama mvuvi ajuavyo maji kupwa na kujaa.

Ujuzi huo hudhihirika zaidi kwenye stesheni ndogo za njia moja. Kabla ya redio kuenea, treni nyingi ziliongozwa kwa amri za treni, yaani karatasi nyembamba ambazo karani wa stesheni aliziandika kwa kusomewa kwa simu, zikieleza treni ipi ingoje wapi ili mbili zisikutane uso kwa uso. Treni haikulazimika kusimama ili kuzipokea. Karani huonekana hatua chache kutoka relini, ameinua panda ya mbao iliyofungiwa uzi, karatasi ikiwa imekunjwa katika fundo la uzi huo. Kichwa cha treni kinakuja kwa kishindo, mkono unatokezwa dirishani, uzi unanyakuliwa, na panda inabaki mikononi mwa karani. Kisha huinua panda ya pili na kungoja, vumbi likimpiga, mpaka lifike behewa la gadi, kibanda cha magurudumu kilichofungwa mkiani kwa ajili ya wahudumu wa nyuma, naye gadi hunyakua nakala yake. Asiyeijua kazi ile angezima kamera mara tu kichwa kilipopita. Ajuaye alibakiza mkanda wa kutosha.

Baadhi ya filamu zilirekodi hata yasiyokusudiwa. Kampuni ya Rock Island, ambayo mwaka 1856 ilikuwa ya kwanza kupitisha reli juu ya mto Mississippi, katika miaka ya 1970 ilikuwa na njia zilizochakaa kiasi kwamba mabehewa ya nafaka huonekana yakiyumba kama mashua, na hakuna kitabu cha hesabu kinachoueleza ufilisi kwa uwazi huo. Treni zake zilikoma tarehe 31 Machi 1980, na katika muongo uliofuata behewa la gadi nalo lilianza kutoweka, mahali pake pakashikwa na kifaa kidogo chenye taa.

Filamu nyingi hazikuwa na sauti, na waliozihamishia kwenye kanda za video wakati mwingine walizibandikia ngurumo za injini nyingine kabisa, jambo ambalo heri lisingefanywa. Rangi za Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, hudumu vizuri zikihifadhiwa gizani, lakini plastiki ya asetati inayozibeba haina uvumilivu huo: joto na unyevu huifanya itoe harufu ya siki, na mkanda ulioanza kunuka siki hauponi.